Kabla Ununue Wufa ya Wati 10,000, Soma Hii: Vile Utachagua Saundi ya Keja Bila Kupigwa

Ukishuka Luthuli Avenue hapo tao, utaskia kabla uone. Kila duka imetoa spika mlangoni. Huyu anachapa gengetone, jirani yake anachapa mugithi, na katikati kuna msee ameshakushika mkono: "Bosi, kuja uone wufa, bei ni ya kuongea." Ukiingia, kitu ya kwanza unaonyeshwa ni boksi, na kwa hiyo boksi kuna namba imeandikwa kubwa kuliko jina la kampuni. Hii ni 8,000W. Ya kando ni 10,000W. Ile iko juu kabisa ni 15,000W, na iko na taa za disko.

Wewe umekuja na ganji umeweka mdogo mdogo, labda ngiri tano, labda kumi. Kwa akili yako kazi ni moja tu: tafuta namba kubwa kuliko zote kwa bei ndogo kuliko zote. Hapo ndio wasee hupigwa. Hiyo namba haikuambii vile hiyo kitu italia ukiifikisha kejani.

Vitu zenye zinafaa kuamua ni tatu: saizi ya chumba yako, mashimo yenye ziko nyuma ya TV yako, na stika ndogo yenye iko mgongoni mwa wufa. Kuangalia hizo zote ni bure, na mbili unaweza ziangalia kabla utoke kwa nyumba.

Na usijiskie vibaya ati TV peke yake haikutoshi. Hizi TV za siku hizi ni nyembamba, kwa hivyo spika zake ni ndogo na nyingi zinaangalia chini ama zinaangalia ukuta. Ndio maana unaongeza volyumu mpaka juu na bado huskii vile msee wa muvi amesema. Kutaka saundi poa sio maringo.

HIZO WATI ZA BOKSI HUTOKA WAPI?

Hizo namba kubwa huitwa PMPO. Ni nguvu yenye mashini inaweza toa kwa muda mfupi sana, kama kupepesa jicho, ikihesabiwa kwa njia yenye kampuni imejichagulia. Hakuna kipimo moja yenye wote lazima wafuate, ndio maana wufa mbili zenye ziko na vitu karibu sawa ndani zinaweza andikwa moja 3,000 na ingine 12,000. Namba ya kutafuta inaitwa RMS. Hiyo ndio nguvu yenye mashini inatoa dakika baada ya dakika bila kuungua.

Piga hesabu kidogo. Soketi ya ukuta hapa Kenya ni ya ampia 13, na stima ni volti 240. Ukizidisha unapata kama wati 3,100. Hapo ndio mwisho wa soketi. Shawa ya stima ya bafu hukula kama wati 5,000, na ndio maana fundi huiwekea waya yake mnono na swichi yake peke yake. Sasa wufa ya wati 10,000 ingekuwa ni shawa mbili zimewashwa pamoja, kwa waya nyembamba kama ya chaja ya simu. Ungeskia harufu ya moshi kabla uskie besi.

Ndio ujue ukweli, geuza wufa uangalie mgongo. Kuna stika imeandikwa kitu kama "AC 240V 50Hz 60W". Hiyo 60W ndio stima yenye inaingia. Spika haiwezi kutoa nguvu kuliko ile imekula, hiyo ni fizikia tu. Amplifaya za kizamani hupoteza karibu nusu ya stima kwa joto, na hizi mpya zenye huitwa Class D hupoteza kidogo tu. Kwa hivyo wufa ya stika ya 60W, hata kama boksi inasema 10,000, inakupea kitu kati ya wati 30 na 50 za ukweli. Ukikuta mbili za bei sawa, moja stika ni 40W na ingine ni 80W, umeshajua gani iko na nyama.

Lakini usikimbilie wati pia. Masikio ya binadamu hayahesabu hivyo. Ukiongeza nguvu mara mbili, kutoka wati 20 hadi 40, sauti inapanda desibeli 3 tu, kitu utaskia kidogo sana. Ndio uskie imekuwa mara mbili, lazima nguvu iongezwe karibu mara kumi. Ile spika ndogo ya JBL Go 3, yenye inatoshea kwa mkono, kampuni yenyewe imeandika ni wati 4.2 za RMS. Hawakuandika elfu yoyote, na wewe mwenyewe unajua vile hiyo kitu inaeza amsha nyumba nzima asubuhi.

ANZA NA KEJA

Kwanza tuelewane na hizi namba za 2.1, 3.1 na 5.1. Namba ya mbele ni idadi ya spika za kawaida, na ile .1 ni boksi ya besi. Mtaani seti yote tunaitanga wufa, hakuna shida, ila ukiwa dukani uliza ni ngapi kwa ngapi.

Kama unaishi single ya futi 10 kwa 10 ama bedsita, 2.1 inakutosha kabisa. Spika mbili pande mbili za TV, boksi ya besi chini, imeisha. Chumba ndogo husaidia besi. Ndio maana ukiingia kwa nganya unahisi kifua ikitetemeka: hiyo ni boksi ya chuma imefungwa, na wewe umekaa karibu na spika. Kwa single yako hali ni karibu hiyo hiyo. Wufa ya wati 30 za ukweli itakufanya uskie kila kitu, na mtu wa plot ya pili pia.

Kama uko na sebule yake, one bedroom ama two bedroom, hapo uko na njia mbili. Wufa ya 2.1 yenye iko na boksi ya besi kubwa kidogo, ama saundiba. Saundiba ni ile spika ndefu inakaa chini ya TV. Uzuri wake ni sauti za watu kutokea wazi, waya ni chache, na haijazi nyumba. Shida yake ni besi. Zile za bei ya chini zimewekewa besi ndani ya hiyo boksi ndefu, na hapo hakuna nafasi ya maajabu. Kama wewe ni wa ngoma kuliko muvi, tafuta yenye inakuja na boksi yake ya besi kando, ama ubaki na 2.1.

5.1 ndio hom thieta kamili: tatu mbele, mbili nyuma, na besi. Lakini hizo mbili za nyuma ziko na mahali yao. Dolby wenyewe hushauri zikae kando na nyuma kidogo ya kichwa chako, digrii 110 hadi 120 ukihesabu kutoka mbele yako. Kwa bedsita, hapo ndio kabati ya vyombo iko. Watu wengi hununua 5.1 halafu wanapanga spika zote tano kando ya TV kama mayai kwa trei. Ukifanya hivyo umelipia spika mbili za urembo. 5.1 ni ya sebule yenye kiti haijagusa ukuta wa nyuma, ama nyumba ya ocha yenye iko na nafasi.

5.1 YA UKWELI NA 5.1 YA MACHO

Hapa ndio kuna mchezo mkubwa. Kuna seti ziko na spika tano na boksi ya besi, bei ni rahisi, na mgongoni kuna shimo za AUX ama zile mbili nyekundu na nyeupe peke yake. Hizo mashimo hupitisha sauti mbili tu, kushoto na kulia. Kwa hivyo hizo spika tano zinarudia sauti ile ile. Gari ikipita nyuma yako kwa muvi, utaiskia mbele, nyuma, na kila mahali kwa wakati mmoja.

5.1 ya ukweli lazima iwe na uwezo wa kusoma Dolby Digital ama DTS, na iwe na mlango wa HDMI ama optiko wa kuingiza hiyo sauti. Angalia hizo alama kwa mashini yenyewe, usiangalie boksi peke yake. Vile vile 3.1 nyingi za hapa ni stereo ya kawaida yenye imeongezewa spika moja. Si mbaya kama bei ni sawa na ya 2.1, lakini usiongezewe ngiri mbili juu ya hiyo spika.

Halafu jiulize unaangalianga nini. Video nyingi za YouTube ni stereo. Muvi zenye DJ Afro ameongea juu yake, kitu unataka kuskia ni sauti ya DJ Afro ikitoka wazi. Kama maisha yako ni ngoma, mechi ya wikendi na muvi za flashi, pesa ya kununua spika za nyuma ni afadhali uiweke kwa 2.1 mzito. Kama uko na akaunti ya Netflix na TV yenye inatoa sauti ya Dolby, hapo sasa 5.1 inaanza kuingia kwa akili.

PIGA PICHA MGONGO WA TV

Hii ndio kitu wasee wengi husahau. Kabla uende tao, toa simu upige picha nyuma ya TV yako, mashimo yote na maandishi yake. Ukifika dukani onyesha muuzaji hiyo picha, umuulize ataunganisha na nini.

HDMI ARC: Ni shimo ya HDMI ya kawaida lakini kando imeandikwa ARC ama eARC. Mara nyingi ni moja tu kati ya zote. Hii hurudisha sauti kutoka kwa TV hadi saundiba, na unaweza ongeza volyumu na rimoti ya TV. Kama TV yako iko nayo, saundiba yenye iko na ARC ndio njia safi kabisa.

Optiko: Shimo ndogo ya mraba, TV ikiwaka inatoa mwanga mwekundu. Saundiba karibu zote ziko nayo. Wufa nyingi za bei ya chini hazina. Kama TV yako iko na optiko peke yake na unataka wufa ya kawaida, nunua kale kaboksi ka kubadilisha optiko iwe AUX. Hizo maduka hizo hizo huuza. Ukiunganisha na ukose sauti, ingia kwa setingi za sauti za TV uweke PCM. Wengi hurudisha hako kaboksi wakisema kameharibika, na shida ilikuwa hiyo tu.

Shimo ya hedifoni: Hii ndio rahisi kuliko zote. Waya ya AUX kwenda kwa nyekundu na nyeupe za wufa.

Nyekundu, nyeupe na manjano: Chunga hapa. Kwa TV nyingi hizo huwa zimeandikwa AV IN, yaani ni za kuingiza kitu kwa TV. Ukichomeka wufa hapo utangoja sauti mpaka kesho. Wufa inataka yenye imeandikwa AUDIO OUT.

Bluetooth iko sawa kwa ngoma za simu. Kwa muvi inaweza chelewa kidogo, mdomo ufunge ndio uskie neno. Ukiweza, TV unganisha na waya.

EX-UK: DILI AMA TAKATAKA?

Kuna sababu ex-UK hupendwa hapa. Uingereza wanatumia stima ya volti kama zetu, hertz 50 kama zetu, na plagi ya pini tatu kama yetu. Unachomeka tu. Na ganji yenye ungenunua wufa mpya ya plastiki inaweza kukupatia amplifaya ya kampuni kubwa yenye iko na RMS ya ukweli. Kwa masikio peke yake, ex-UK poa hushinda mpya nyingi za bei hiyo.

Lakini angalia hizi. Stika lazima isome 220 hadi 240V. Ikiwa ni 120V hiyo ilitoka Marekani, na ikiwa ni 100V ilitoka Japani. Ukichomeka kwa ukuta bila transfoma unaipoteza hapo hapo. Pili, gusa ule mviringo wa nje wa spika. Kama ni wa povu na unabomoka kama keki ya jana, hiyo spika imeisha. Kama ni wa raba na unarudi ukiufinya, sawa. Tatu, sukuma spika polepole na vidole viwili pande mbili. Ukiskia inakwaruza, koili imeungua.

Nne, uliza rimoti. Hom thieta nyingi za DVD, vitu muhimu zote ziko kwa rimoti. Tano, angalia plagi za spika. Kampuni zingine huweka plagi zao spesheli, kwa hivyo spika moja ikikufa huwezi nunua yoyote ukaiweka. Na soma ile namba ya ohm nyuma ya mashini na nyuma ya spika. Mashini yenye imeandikwa ohm 8 ukiipea spika za ohm 4 inafanya kazi nzito kuliko ilivyoundwa, inashika joto, na siku moja inazima.

GANJI YAKO INAFIKA WAPI?

Bei za hizi vitu hucheza na dola na msimu, kwa hivyo chukua hii kama ramani tu.

Ngiri tatu hadi sita: Hapa uko kwa 2.1 ndogo, ama spika ya Bluetooth. Tafuta boksi ya besi ya mbao, plastiki achana nayo. Zingine ziko na mlango wa 12V DC, na kama mnatumia sola ama stima hupotea mara kwa mara, hiyo ni muhimu kuliko taa za disko.

Ngiri sita hadi kumi na mbili: Hapa unapata 2.1 yenye iko na uzito, ama saundiba ya kuanzia ya kampuni kubwa yenye iko na waranti. Hisense HS214 kwa mfano ni 2.1 yenye besi iko ndani ya boksi moja, na imeandikwa wati 108. Namba ya mia moja kwa boksi ya kampuni inayojulikana iko karibu na ukweli kuliko elfu kumi kwa boksi yenye hata anwani haina.

Ngiri kumi na mbili kwenda juu: Saundiba yenye boksi yake ya besi kando, ama ex-UK safi ya amplifaya na spika zake. Hapa usinunue siku ya kwanza. Zunguka maduka tatu, rudi nyumbani ulale, halafu uamue.

VILE UTAIPIMA DUKANI

Usikubali wakuchezee ngoma yao. Wauzaji wako na nyimbo zenye zilichaguliwa kuficha madhaifu. Beba flashi yako na vitu tatu: gengetone ama arbantone moja ya besi nzito, rhumba moja yenye gitaa zinaongea, na kipande cha mtu akiongea peke yake, hata taarifa ya habari.

Ya besi, panda mpaka robo tatu ya volyumu. Skiza kama besi inagonga na kukata, ama inavuma tu kama mlango wa mabati. Ya rhumba, skiza kama unaweza fuata gitaa moja bila ingine kuifunika. Ya habari, punguza volyumu chini kabisa na uskie kama maneno bado yanaeleweka. Hii ya mwisho ndio muhimu, juu usiku ndio utakuwa unaitumia hivyo.

Halafu simamisha ngoma, acha wufa imewaka, na uweke sikio karibu. Ukiskia mlio wa "mmmm" mkubwa, utaishi na huo mlio. Weka mkono mbele ya kila spika ngoma ikicheza. Kuna boksi za bei ya chini ziko na spika za picha tu, plastiki imechorwa kama twita na haijaunganishwa na kitu. Inua boksi ya besi. Nyepesi kama katoni tupu, ndani kuna sumaku ndogo na mbao nyembamba. Jaribu rimoti, flashi na Bluetooth, zote.

KULIPA BILA KULIA

Umeshapima moja na imekubamba? Hiyo hiyo ndio unabeba. Ukiambiwa "ngoja nikuletee mpya kutoka stoo", hakuna shida, lakini na hiyo ifunguliwe, iwashwe, ichezwe mbele yako, halafu isitoke machoni mpaka ufunge boksi. Usimfuate broka wa barabarani kwa ngazi za orofa ya tatu. Nunua kwa duka yenye utapata kesho ukirudi.

Ukilipa na M-Pesa, soma jina lenye linatokea kabla uweke pini. Likiwa si la duka, uliza kwa nini. Chukua risiti yenye imeandikwa modeli, namba ya siri ya mashini na muda wa waranti. "Waranti iko" ya mdomo haina miguu. Uliza pia hiyo waranti inafanywa wapi, kwa duka ama kwa kampuni.

Kuhusu lipa pole pole, toa kalkuleta. Tuseme wufa ni ngiri 12 kesh. Unaambiwa weka ngiri 2, halafu soo moja kila siku kwa siku 180. Soo moja inakaa kidogo, lakini ukijumlisha ni ngiri 20. Hizo nane za juu zingekununulia spika ingine. Kama unaweza vumilia miezi tatu ukiweka hiyo soo pembeni kila siku, uko na ngiri tisa mkononi na unaingia tao kama mtu wa kesh.

UMEFIKA KEJANI, SASA?

Usitupe boksi ya besi kwa kona juu ya mazoea. Kona huongeza besi, lakini mara nyingi huifanya ivume. Jaribu hii: weka boksi ya besi hapo penye wewe hukaa, cheza ngoma, halafu utembee kwa chumba ukiinama. Penye besi inaskika safi, hapo ndio pa kuiweka. Dakika tano, na seti ya ngiri tano inaanza kulia kama ya ngiri nane. Spika ndogo ziinue zifike karibu na masikio ukiwa umekaa, na ziangalie wewe.

Volyumu ikifika penye sauti inapasuka, rudi chini. Kupasuka ni amplifaya imeishiwa, na hiyo ndio huchoma twita, zile spika ndogo za sauti nyembamba. Stima ikipotea, chomoa. Inaporudi inaweza rudi na nguvu ya kuua mashini. TV guard ni bei ndogo ukilinganisha na fundi. Kuhusu tokeni usiwe na wasi: wufa ya 50W ikiwaka masaa manne kwa siku, uniti moja inakupeleka siku tano.

Mwisho ni jirani. Besi haijui ukuta. Sauti nyembamba huzuiwa na mlango, lakini besi hupita kwa sakafu na mawe. Weka kipande cha godoro la zamani ama mkeka mzito chini ya boksi ya besi, na usiku punguza besi kabla upunguze volyumu. Si uungwana tu. Kanuni za kelele za mwaka 2009, zenye NEMA husimamia, zimeweka mpaka kwa nyumba za makazi: ndani desibeli 45 mchana, na 35 kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Desibeli 35 ni juu kidogo tu ya kunong'ona. Kwa maneno mengine, ile wufa ya wati 10,000 hata kama ingekuwa ya ukweli, kwa plot yako hakuna saa ungeruhusiwa kuifungulia.

Kwa hivyo wikendi hii ukishuka tao, kuwa na picha ya mgongo wa TV kwa simu, flashi mfukoni, na vipimo vya chumba kwa kichwa. Msee akikuonyesha boksi, mwambie akugeuzie mashini kwanza.